Michoro ya kuta za udongo: mwongozo kwa kijiji kinachotaka kupokea wageni kutoka Lubumbashi

Vijijini kuzunguka Lubumbashi, mji wa Katanga huko Kongo, mvua huila nyumba ya udongo kuanzia Novemba hadi Aprili. Kiangazi kikifika, mama mwenye nyumba anaitengeneza: anaziba nyufa, anasiliba upya, anapaka rangi za udongo. Makwacha ndicho kijiji kilichopata sifa zaidi kwa kazi hiyo. Huko wanawake huchora kuta zao kila kiangazi, na watu hutoka mjini kwenda kuzitazama. Mwongozo huu ni wa kijiji kingine chochote chenye nyumba kumi na mbili hivi za udongo na akina mama wanaojua kusiliba, kinachotaka michoro ilete pesa ya sukuli (shule) na ya dawa.

Vijiji vingi huanzia kwa mgeni: mtu wa mjini anaahidi kuleta gari la watu, kila mtu anakimbilia kupaka chochote, na jioni watu wanagombania noti ishirini. Sisi tunashauri njia nyingine. Ukuta kwanza, halafu sheria ya pesa, na mgeni awe wa mwisho kualikwa.

Kalenda

Mkutano wa kwanza uwe mwishoni mwa Mei, mahindi yakiwa yameshaingia ghalani. Juni ni mwezi wa kuchimba udongo na kusiliba. Kuchora kuanze wiki ya kwanza ya Julai, na wageni waje Jumamosi sita, kuanzia katikati ya Julai hadi mwisho wa Agosti. Jumamosi, kwa sababu Jumapili watu wako kanisani. Ruka siku zilizobanana na tarehe 1 Agosti, Siku ya Wazazi, kwa kuwa familia nyingi huwa makaburini zikisafisha na kuomboleza, na wa mjini pia hawasafiri kwa starehe siku hiyo.

Andikeni sheria moja tangu mwanzo: kukiwa na kilio kijijini, siku ya wageni inaahirishwa, hata kama wageni wameshalipa. Waambieni jambo hilo wanapojiandikisha. Kijiji kinachocheza ngoma huku jirani analia hakitasameheana haraka.

Nani aambiwe kwanza

Kapita (msimamizi) wa kijiji, kisha shefu wa gurupema (kundi la vijiji), kisha biro ya teritwari (ofisi ya wilaya). Kwa shefu hamwendi mikono mitupu, wala hamwendi mtu mmoja. Nendeni watatu, mama mmoja wa wachoraji akiwemo, mkae, mseme mnachotaka kufanya na ni Jumamosi zipi. Kwa administrata, mkuu wa teritwari, peleka barua ya ukurasa mmoja yenye tarehe, idadi ya wageni na jina la mwenye kujibu maswali. Peleka nakala mbili, moja irudi na muhuri. Nakala hiyo ya muhuri ikae kijijini, maana siku askari atakapouliza kwa nini wageni wa nje wamejaa hapa, maneno matupu hayatoshi.

Makaratasi ya chama yanaweza kungoja mwaka wa pili. Mkifika hapo, kuna njia mbili. Chama kisichotafuta faida kinafuata sheria namba 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001. Ushirika unafuata sheria ya mwaka 2010 ya OHADA (umoja wa nchi za Afrika kwa sheria za biashara), ambayo Kongo iliingia chini yake mwaka 2012. Ushirika wa aina nyepesi unahitaji watu watano tu kuanza. Kwa kundi linalouza na kugawana, ushirika unafaa zaidi. Chama kisichotafuta faida hakiruhusiwi kugawia wanachama faida, na makundi mengi yamejifunga kwa kuchagua karatasi isiyolingana na kazi yao.

Kusiliba

Rangi nzuri juu ya ukuta mbovu itaanguka pamoja na ukuta. Kwanza angalia mahali maji yanapopita. Upenu wa paa uwe na angalau sentimita 60 mbele ya ukuta. Ukiwa mfupi zaidi, michoro ya upande unaopigwa na mvua haitafika Desemba. Chimba mtaro mdogo kuzunguka nyumba, maji yasisimame mguuni mwa ukuta.

Udongo wa kusiliba mara nyingi unatoka kwenye kichuguu, na Katanga haina uhaba wa vichuguu. Udongo wa mchwa unashika vizuri lakini ukiwa peke yake unapasuka. Jaribu hivi: jaza chupa ya plastiki theluthi moja kwa udongo, ongeza maji hadi karibu na shingo, weka chumvi kidogo, tikisa kwa nguvu, iache hadi kesho yake. Mchanga unalala chini dakika ya kwanza, vumbi laini linafuata, na udongo unaonata unakuwa tabaka la juu. Tabaka la juu likizidi theluthi moja ya yote, ongeza mchanga.

Anza na kipimo hiki: ndoo moja ya udongo wa kichuguu, ndoo mbili za mchanga wa mto uliochekechwa, na nusu ndoo ya majani makavu yaliyokatwa vipande vya kidole. Kanyaga kwa miguu, funika, acha usiku kucha. Kesho yake siliba kipande cha mita moja kwa moja nyuma ya nyumba, ungoje siku tatu. Ukiona nyufa zinazoingiza ukucha, udongo umezidi. Ukipitisha mkono na mchanga ukamwagika, mchanga umezidi. Usisilibe nyumba nzima kabla ya jaribio hilo. Siku tatu za kungoja ni nafuu kuliko wiki mbili za kubomoa.

Nyunyizia ukuta wa zamani maji kabla ya kusiliba. Ukuta mkavu unanyonya maji ya tope jipya, nalo linabanduka kama ganda. Tabaka la kwanza liwe sentimita moja hadi moja na nusu, likauke siku tano hadi saba. La pili ni jembamba, la udongo uliochujwa kwa chandarua cha zamani kisicho na dawa. Lipake kwa kiganja na ulilainishe kwa jiwe la mto au kipande cha kibuyu.

Rangi, na pale pasipochimbwa

Nyeupe ni pemba, udongo mweupe laini. Nyekundu ni udongo wa barabara, ambao hapa uko kila mahali. Njano hupatikana kwenye kingo za mito na mashimo ya visima. Nyeusi ni makala (makaa) yaliyosagwa na kuchanganywa na tope jeusi la bondeni, kwa sababu makala peke yake hayashiki, yanachafua kila nguo inayopita. Ukikosa nyekundu iliyokolea, choma ile ya njano: weka udongo mkavu kwenye sufuria mbovu juu ya mbabula (jiko la makaa), koroga kwa saa moja, utaona njano ikigeuka nyekundu. Ihukumu rangi ikishapoa. Ikiwa ya moto inadanganya.

Sasa neno zito. Usichimbe rangi kwenye lundo la takataka za mgodi, kwenye mto unaooshewa madini, kando ya kiwanda, wala kwenye njia ya magari ya madini, hata kama udongo wa hapo unang'aa kuliko wote. Ule wa kijani unavutia sana, lakini ni shaba, na vumbi lake likisagwa linaingia kifuani. Udongo wa sehemu za namna hiyo unaweza kubeba kobalti, risasi na arseniki, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven wamekuta kobalti nyingi katika mikojo ya watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda. Mtoto atakayegusa ukuta na kulamba kidole hajui tofauti. Mtu akitaka kijani, mwambie michoro ya rangi nne inatosha. Pemba nayo inaliwa na wajawazito wengi; hivyo pemba ya rangi isichanganywe na ya sokoni, na anayesaga afunge kitambaa puani.

Kusafisha rangi ni kazi ya siku tatu. Loweka udongo kwenye bido (dumu la plastiki) lililokatwa juu, maji mara tatu ya udongo, usiku mmoja. Koroga, hesabu polepole hadi sitini, mchanga utashuka. Mimina maji yaliyochafuka kwenye chombo cha pili kupitia kitambaa. Acha hadi asubuhi, mwaga maji meupe ya juu. Kilichobaki chini ni rangi. Ianike kivulini kwenye turubai, au itumie ikiwa uji mzito.

Ili ishike, pika gundi ya muhogo. Glasi moja ya unga wa muhogo, koroga katika glasi mbili za maji baridi mpaka mabonge yaishe, kisha mimina glasi nane za maji yanayochemka huku ukikoroga, mpaka uji ung'ae. Ukipoa, changanya kipimo kimoja cha gundi na viwili vya uji wa rangi. Paka kidogo, kesho yake kavu sugua kwa kiganja. Mkono ukitoka na rangi nyingi, ongeza gundi. Rangi ikijikunja na kubanduka kama ngozi iliyoungua jua, gundi imezidi. Gundi ikizidi huleta pia ukungu, na mbuzi watakuja kulamba ukuta, si utani. Pika ya kutosha siku mbili tu. Siku ya tatu inachacha na kunuka.

Kiasi gani? Nyumba ya mita 4 kwa 5 yenye kuta za mita 2.2 ina karibu mita za mraba 36 ukitoa mlango na madirisha. Lita moja ya rangi inafunika mita nne hivi kwa mpako mmoja. Mipako miwili ya chini inakula lita 18, yaani karibu bido moja la lita 20. Kwa michoro yenyewe weka lita tatu za kila rangi. Zidisha kwa nyumba zenu mjue ni safari ngapi za machimbo, na mlilipe kundi la wachimbaji, maana kazi hii huwaangukia vijana na wasichana ambao jina lao halitatajwa popote.

Kuchora

Mwachieni mama mwenye nyumba aamue cha kuchora. Hapa ndipo wafadhili na wasanii wa mjini huharibu zaidi kwa nia njema: wanaleta michoro kwenye karatasi, vinyonga na vinyago vya kuuzia watalii, na mwishowe kijiji kizima kinafanana na kuta za hoteli. Lubumbashi ina somo lake katika jambo hili. Mwaka 1946 Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alipofungua karakana yake ya Hangar, aliwakataza wanafunzi kuiga michoro ya Ulaya na akawaacha wapake kwa njia zao. Kati yao, Bela alichora kwa vidole, Mwenze Kibwanga kwa vistari vilivyopangwa, na ndiyo sababu hadi leo kazi zao hazichanganyikani. Msanii wa mjini akija, afundishe kutengeneza gundi, kupiga foto na kuhesabu bei. Michoro aiache.

Anza na msingi: mkanda mweusi au mwekundu uliokolea, sentimita 40 kutoka chini, kwa sababu matone ya mvua yanayoruka kutoka ardhini yatachafua hapo kwanza. Mistari mirefu ipigwe kwa uzi uliochovywa kwenye makala, watu wawili wakiuvuta na wa tatu akiuachia ugonge ukuta. Sehemu pana zipakwe kwa kitambaa au gunzi la hindi, sehemu nyembamba kwa kijiti kilichotafunwa ncha, na mengine kwa vidole. Ukuta unaotazama mashariki uchorwe mchana, unaotazama magharibi uchorwe asubuhi. Rangi ikikaushwa na jua kali kabla haijaingia ukutani, inabaki juu kama unga.

Kampuni za simu na bia zinaweza kuja na ndoo za rangi za bure, wakitaka kijiji kizima kiwe cha rangi yao. Kataeni, hata wakiongeza bati. Rangi ya mafuta inaziba udongo, unyevu unabaki ndani, na baada ya mvua moja ukuta unavimba na kumenyeka pamoja na tabaka la chini. Zaidi ya hayo hakuna mgeni atakayelipa kuja kutazama tangazo.

Vitambaa vya kuuza

Ukuta hauuzwi. Atatokea anayetaka kununua kipande akikate aende nacho, mwonyesheni kitambaa. Tumieni marekani nzito ya pamba, si mfuko wa unga wa plastiki, ambao haushiki chochote. Kata vipande vya sentimita 50 kwa 70, vivute kwenye fremu ya mbao, paka kola (gundi) nyeupe ya maseremala iliyochanganywa kipimo kimoja kwa maji matano, ikauke. Rangi ya kitambaa haitumii muhogo, maana ukikunja unapasuka na mende wanaula. Changanya kola kipimo kimoja na maji matatu, ongeza udongo uliokauka na kusagwa mpaka uwe kama maziwa mazito. Paka mara mbili nyembamba kuliko mara moja nene. Mpako mnene unaachia nyufa safarini. Kikikauka viringisha kwenye bomba au mwanzi mnene, michoro ikitazama nje, si ndani. Watu wengi hufanya kinyume kwa kudhani wanailinda, kumbe wanaibana mpaka inavunjika.

Nyuma ya kila kitambaa andikwe jina la mama aliyechora, kijiji, mwaka na namba ya daftari. Kitambaa kisicho na jina kikifika mjini kinauzwa kama cha mtu yeyote.

Bei sasa. Huu ni mfano, wekeni namba zenu, na mhesabu kwa dola kwa kuwa franka inatembea. Marekani dola 2, kola 1, siku mbili za kazi kwa dola 3 ambazo kibarua wa shambani angepata, yaani 6, usafiri 1. Jumla 10. Ongeza 2 za wachimba rangi na 3 za sanduku la kijiji, mnafika 15. Hiyo ndiyo bei ya kijijini na haishuki. Mgeni akivuta bei, mwonyesheni hesabu hiyo kwenye kaye (daftari). Mara nyingi inamnyamazisha vizuri kuliko kubishana.

Duka la mjini likichukua asilimia 40, wengi hujumlisha 40 juu ya 15 wanapata 21. Ni kosa. Duka likiuza kwa 21 linabaki na 8.4, ninyi mnapata 12.6, na hapo mmepunguza ujira wenu wenyewe. Gawanya 15 kwa 0.6: bei ya dukani ni 25. Dai karatasi yenye idadi ya vitambaa vilivyoachwa, na mtu aende kuhesabu kila mwezi. Kitambaa kilichoachwa dukani bila karatasi mkihesabu kimeshapotea.

Sheria ya pesa

Hii iandikwe mwezi wa Juni, kabla noti haijaonekana. Isomwe kwa sauti mbele ya wote, na wasiojua kusoma wairudie kwa mdomo.

Chukueni mfano wa wageni 30, kila mmoja dola 10, chakula kikiwemo. Zimeingia 300. Chakula dola 3 kwa kila mtu, 90, malipo ya wapishi yakiwa ndani. Wapiga karindula (banjo ya pipa) 25. Viongozi wawili wa kutembeza, dola 8 kila mmoja, 16. Sabuni, maji na usafi wa vyoo 9. Heshima ya shefu 10. Jumla 150. Nusu iliyobaki, 150, kila nyumba kati ya 12 ipate 8, yaani 96, na 54 ziingie sandukuni. Jumamosi sita zinaipa nyumba dola 48 kwa kiangazi na sanduku 324. Si utajiri, na msimwahidi mtu utajiri. Ni mbegu na mbolea ya Novemba, au karo ya muhula, na vitambaa vinakuja juu yake.

Hesabu hiyo ina upande wa pili. Gharama zisizobadilika ni 60, na kila mgeni baada ya chakula anaacha 7. Mnahitaji wageni 9 ili msitoe mfukoni. Wakijiandikisha chini ya 15, punguzeni: kiongozi mmoja, karindula isije. Wakiwa chini ya 9, waunganisheni na Jumamosi inayofuata.

Heshima ya shefu itajwe wazi na iwe kiasi kile kile kila mara. Ikifichwa, kesho itakuwa nusu ya pato, na kila mtu atadhani mwenzake ameila. Pesa ya nyumba ipewe mkono wa mama aliyechora. Bwana wake akidai kwamba nyumba ni yake, sheria iwe imeshasema: nyumba ni ya familia, malipo haya ni ya kazi ya mchoro. Mjane anayeishi peke yake na mwenye nyumba ndogo wanapata sawa na mwenye nyumba kubwa. Na nyumba zisizochorwa? Hapo ndipo wivu unazaliwa. Wapishi, wateka maji na walinda magari watoke hasa kwenye nyumba hizo.

Sanduku liwe la chuma na kufuli tatu, funguo kwa watu watatu wasio wa familia moja, na sanduku lenyewe likae kwa mtu wa nne. Wanaojua AVEC, vikundi vya kijiji vya kuweka na kukopa, wanaijua njia hii. Kuhesabu kufanyike jioni ile ile, wageni wakishaondoka, mbele ya watu, noti moja moja. Mkilipwa kwa M-Pesa au Airtel Money, namba iwe moja, na ujumbe wa simu usomwe kwa sauti kabla ya kuandikwa. Anayeandika asiwe anayeshika pesa.

Siku yenyewe

Waandikishwe mapema, kiasi cha nusu kimelipwa, kabla ya Jumatano. Mpishi hawezi kuua kuku kwa ahadi. Pelekeni kijana na moto (pikipiki) siku mbili kabla kutazama barabara na kumweleza dereva wapi pa kugeuzia basi. Mahali pa kuacha magari pawe mbali na nyumba, vumbi lisilale kwenye rangi mbichi.

Saa nne wafike, wakaribishwe na kapita kwa maneno mafupi. Wagawanywe makundi mawili ya watu 15, moja litembee upande wa juu, la pili upande wa chini. Zaidi ya 15 walio nyuma hawasikii kitu. Kila nyumba dakika kumi, na mama mwenyewe aseme alichochora kwa lugha anayoijua vizuri, kiongozi afasiri. Asilazimishwe kutoa maana ya kila mstari. "Nimependa hivyo" ni jibu kamili.

Saa sita wageni wakae chini wapake. Tayarisheni ukuta mdogo wa mazoezi, mita mbili kwa moja, na vikopo vya rangi nne. Kipande hiki ndicho wanachokizungumzia wakirudi mjini kuliko vingine vyote, na kinagharimu karibu na bure.

Saa saba chakula: bukari (ugali), sombe (majani ya muhogo), kuku wa kijijini au samaki, na munkoyo, kinywaji cha mahindi. Munkoyo uwe wa siku hiyo, umetengenezwa kwa maji yaliyochemka. Mgeni akirudi na tumbo linaloendesha, habari zitafika mjini kabla yake. Lutuku, pombe kali ya kienyeji, isiuzwe siku ya wageni. Choo kisafishwe, kiwe na mlango unaofungwa, maji na sabuni nje yake.

Karindula ipigwe baada ya chakula. Anayetaka kutengeneza kipya kwa ajili ya siku hiyo achague pipa lililobeba mafuta ya kula au ya injini, lioshwe vizuri. Mapipa ya kemikali za migodi yasiguswe, hata yakiuzwa kwa bei ya kutupa.

Foto: kuta zipigwe, watu waombwe kwanza. Mtoto asipigwe bila mzazi wake kukubali. Anayetaka foto za kazi, za kitabu, tangazo au kalenda, aandike karatasi na alipe kando, maana mchoro una mwenyewe, na sheria ya hakimiliki ya Kongo ya tarehe 5 Aprili 1986 inamlinda mchoraji wa kijijini sawasawa na wa mjini. Peremende na noti wasipewe watoto mikononi. Jumamosi mbili za matabishi (bakshishi) zinatosha kuwafanya waache kucheza na kuanza kukimbilia magari. Anayetaka kutoa, sanduku liko wazi kwa kapita.

Saa tisa na nusu watoke, wafike lami kabla ya giza.

Oktoba

Mvua ya kwanza ikinyesha, pita nyumba kwa nyumba na kaye. Andika ukuta upi umeanza kuvuja rangi, upande gani, na udongo wake ulitoka shimo lipi. Baada ya miaka miwili kaye hiyo itawaambia shimo la kuachana nalo, na mapaa yapi yarefushwe kwa pesa ya sanduku kabla ya kitu kingine chochote. Foto za kila ukuta, moja ya mbele na moja ya karibu, ziwekwe kwenye simu mbili tofauti, kwa sababu Aprili ukuta utakuwa umefutika.

Kisha fungueni sanduku mbele ya wote, someni hesabu kuanzia Jumamosi ya kwanza, lipeni madeni, na acheni ndani kiasi cha kununulia marekani na kola za mwakani. Kitakachobaki kigawanywe kabla ya kupanda mahindi.